Zdravka na Matone Arobaini Yaliyokuwa na Haraka ya Kuganda

Sogeeni, nyote mliowahi kunywa maji baridi bila kuyauliza kwa nini hayajaganda, msikie vita vya Zdravka Kolarova, Mshika Sindano, Amiri wa Matone Arobaini, alivyovipigana katika maabara moja ya Sofia, Bulgaria, mwezi wa Machi.

Nadharia ilikuwa imenena: tone dogo la maji safi, lisilo na kitu kigeni cha kuipa barafu mahali pa kushika, hustahimili hadi karibu digrii thelathini na nane chini ya sifuri, kisha huganda kwa wakati wake, bila kumfuata jirani. Zdravka alitaka kulipima dai hilo kwa macho yake. Lakini tangu Machi ianze, jeshi lake, lililolazwa katika mafuta, lilisalimu amri kwenye digrii tisa tu chini ya sifuri. Na Profesa Velikova, mkuu wa maabara, akatangaza kwamba likianguka tena leo, jokofu la kupozea matone litapewa watafiti wa chumba cha pili, na utafiti wa miaka miwili uishie hapo.

Akainamia hadubini. Ndani ya tone la kumi na moja, kama mkuki uliosahauliwa vitani, ulilala unyuzi mwekundu wa sufu.

Akautazama mkono wake. Nyuzi saba za sufu, nyekundu na nyeupe, alizofungwa tarehe mosi Machi na mama, shangazi na majirani, kama Wabulgaria wanavyotakiana afya hadi dalili ya kwanza ya majira ya kuchipua, zote zikipukutika.

"Si uzivue tu," akasema Bai Penko, fundi mzee wa jokofu.

"Nivue kabla sijaona korongo wala mti uliochanua, nijiitie mkosi? Bai Penko, kweli unanitakia mema?"

"Basi katafute mti, mwanangu. Korongo hana habari na jokofu lako."

Akatoka na koti jeupe likipepea kama bendera, akavuka maegesho, na nyuma ya mapipa ya taka akakuta mplamu mkondefu wenye maua matatu. Akazifunga nyuzi zote saba tawini, akarudi, akanawa hadi viwikoni, akadondosha jeshi jipya kwa sindano yake.

Digrii kumi, kimya. Ishirini, kimya. Thelathini, Bai Penko akaacha kutafuna mbegu za alizeti. Thelathini na saba, tone moja likageuka jeupe, na jirani yake akabaki maji, hana wasiwasi. Kisha jingine, pembeni kabisa.

Profesa akachungulia kwa muda mrefu. "Umebadilisha mafuta?"

"Nimevua sufu, Profesa."

Profesa, aliyekuwa na nyuzi tano kama hizo mkononi, akautia mkono huo mfukoni taratibu. "Jokofu libaki."

Naam, na iandikwe: siku ile, saa nane mchana, maji yalikaa maji kadiri yalivyotakiwa, na jokofu halikusogea hata shubiri.