Utoro Bwawani Kwetu

Jumatatu, 17 Machi 2025
Bwawa letu limekabidhiwa leo. Tuta refu la udongo, bomba moja chini, ndani hakuna maji. Tupu! Lusekelo, mtaalamu wa wilaya, kijana wa Mbeya, akasema ndivyo linavyotakiwa. Likae tupu lisubiri mafuriko, liyashike, liyaachie taratibu, nyumba za bondeni zipone. Mama yangu anakaa bondeni. Mwaka jana alishinda juu ya meza na kuku wake. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha uchaguzi. Mwenyekiti wa kamati: Agustina Kisyeri, jirani yangu! Mimi kura nne, moja nilijipigia. Nimepewa ukatibu ili nisinune. Nimenuna.

Jumanne, 18 Machi
Nimewaza kutwa. Bwawa tupu, nani atakushukuru? Mkuu wa wilaya anakuja Jumamosi. Akikuta maji yamejaa na perege wanaruka, atauliza ni kazi ya nani. Ya Machage, yaani mimi! Nimeleta vifaranga vya perege, ndoo mbili. Agustina akauliza ndoo za nini. Nikasema rangi ya nyumba. Akasema mbona rangi inaruka. Huyu mama ana macho mabaya.

Jumatano, 19 Machi
Semina. Lusekelo kasema ng'ombe wasipande tuta, miti isipandwe, mashimo ya panya yafukiwe. Nikasinzia kidogo. Nikazinduka akisema kwa ukali kuwa bwawa lina utoro wa maji upande wa kushoto, tuuangalie sana.

Utoro! Nani aliyekomesha utoro shule ya msingi? Mimi, nilipokuwa kamati ya shule, nikakaa getini na fimbo. Kumbe tumekabidhiwa bwawa ambalo maji yanatoroka, na Agustina anaandika tu kwenye daftari!

Alhamisi, 20 Machi
Nimeukuta. Mfereji mpana wa mawe, pembeni ya tuta. Yaani wameyajengea maji njia ya kutorokea, hata aibu hawana! Nimeuziba kwa viroba ishirini na vinne vya udongo. Bomba la chini nimelisokomezea gunia. Perege nimewamwaga kwenye kidimbwi kidogo kilichopo chini bwawani. Kiuno kinaniuma, lakini nina raha.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua tangu alfajiri. Safi! Saa nne maji nusu. Saa saba yamebakiza mikono miwili kufika juu. Agustina akaja mbio, akauliza nani kaziba. Nikamwambia watoro wamekomeshwa. Akanitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Akasema utoro wa maji ni njia ya maji yaliyozidi. Yakikosa pa kupita yatapanda juu ya tuta, yatalikata, na yote yatashukia kwa mama yangu.

 Nikakimbia bondeni. Mama akagoma kutoka. Akasema, Mura, mwanangu, wewe si ndiye katibu wa bwawa, mimi niogope nini? Ikabidi nimwambie ukweli. Akabeba kuku mmoja, akatoka. Nikalia kwenye mvua. Kisha nikapanda tena, tukang'oa viroba mimi, Agustina na majirani, mpaka kucha zikatoka damu. Maji yakapita utoroni yakinguruma. Tuta limesimama. Perege wote wamekwenda nayo.

Jumamosi, 22 Machi
Mkuu wa wilaya kampongeza Agustina. Mimi nimevuliwa ukatibu. Adhabu: mwezi mzima nifukie mashimo ya panya kwenye tuta. Mama amehamia kwa Agustina. Nilimwambia aje kwangu, akasema kwangu anaogopa. Hilo limeniuma kuliko kura.

Jumapili, 23 Machi
Kanisani nimetubu kwa machozi. Nimeapa mbele ya Mungu sitalichezea bwawa tena. Mchana nikaenda kwenye adhabu yangu. Shimo la tatu, ndani kabisa, kokoto inang'aa. Ya njano! Udongo wa tuta hili ulisombwa karibu na Nyangoto, kwenye dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri! Kiapo nakikumbuka. Lakini niliapa kuhusu bwawa. Tuta sikulitaja.

Nitamjengea mama nyumba ya bati jekundu, palepale bondeni, aache kuniogopa. Jirani yangu Joram ameshaniazima sururu. Kesho naanza kuchimba, chini kabisa ya tuta, katikati, ambapo Agustina haoni.