Jiwe Lenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 8 Julai

Tumeanza safari ya kuzunguka mlima Ausangate. Tuko watatu, na lama wa mizigo, wale jamaa wa ngamia wasio na nundu. Mama Hilaria, mwenye lama, katangaza: tukishavuka Mlango wa Pili, pale njia inapopita kati ya vilele, atachagua kiongozi wa msafara, mimi au shemeji yangu Nazario. Kengele ya shaba ya kiongozi! Shingoni mwa lama wangu! Hata mke wangu ataniita bwana mkubwa.

Nazario kabeba mawe mawili kutoka kizingitini kwake, moja kwa kila mlango wa mlima. Ndiyo desturi: unaliweka kwenye rundo la mawe lililoko mlangoni, unataja nyumba lilikotoka, na uchovu wako unabaki hapo. Upuuzi. Mgongo ninao mmoja tu. Sikubeba hata kokoto.

Jumanne, 9 Julai

Mlango wa Kwanza. Wenzangu walipofumba macho niliinama kama ninayeweka jiwe, kumbe nachukua. Jeusi, limefungwa uzi mwekundu. Litanifaa Mlango wa Pili. Akili ni mali!

Upepo ulikatika papo hapo. Sikuupenda ukimya ule.

Mchana Mama Hilaria aligawa viazi vikavu mafungu manne. Nikamkumbusha kwamba tuko watatu. Akatazama nyuma yangu, akalirudisha fungu moja mfukoni, taratibu. Nikaliomba. Akaninyima.

Jumatano, 10 Julai

Miguu mizito. Nasikia mtu akihema nyuma yangu. Nikigeuka, theluji tupu. Lama wananikwepa. Mmoja kanitemea mate.

Dawa nikaipata: nikamtumbukizia Nazario lile jiwe kwenye mfuko wake. Hatukwenda mbali. Akaja kando yangu, akaniuliza kwa upole:

"Shemeji, huyu bibi uliyekuja naye, mbona sasa ananifuata mimi?"

Nikamwambia hakuna bibi. Naogopa, sifichi. Lakini nikifika Mlango wa Pili mikono mitupu, kengele imekwenda. Nikamwibia tena lile jiwe.

Alhamisi, 11 Julai

Mlango wa Pili. Nazario kaweka lake, kataja nyumba yake. Zamu yangu. Mama Hilaria akauliza, kwa sauti ndogo, jiwe langu limetoka nyumba gani.

Nikajibu bila kupepesa macho kwamba limetoka kwangu, kizingitini.

Kule kuhema nyuma yangu kukakoma. Mama Hilaria akalifukia jiwe kwa majani ya koka, ya tambiko.

"Umesema mwenyewe, Teodosio. Basi keshapata kwao."

Kengele kapewa Nazario. Nililia, kwa hasira tu. Tulipoanza kushuka, tulikuta nyayo zimetutangulia kwenye theluji. Miguu peku. Zinaelekea kijijini kwangu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefika nyumbani. Bibi kaketi kizingitini, peku, uzi mwekundu mkononi. Mke wangu kahamia kwa kaka yake, Nazario. Kasema atarudi mgeni akiondoka. Mgeni haondoki.

Mwanzoni nilikaa mbali naye. Kisha nikamchunguza vizuri. Chakula hagusi. Usingizi hana. Baridi haimpati. Nikamtwika gunia la viazi kwa kumjaribu. Akalibeba, akazunguka nyumba nalo, na sasa hivi bado anazunguka.

Na lile rundo la Mlango wa Kwanza lina mawe mengi! Jumatatu napanda na gunia tupu. Nazario na lama wake wa kutema mate watanitambua.