Biriani ya Bi Zebunissa

Jumatatu, 4 Novemba 2013

Mheshimiwa Joanne, mbunge wetu, Mzee Cajetan, mkuu wa ofisi unayestaafu, wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa: naupokea wadhifa huu kwa unyenyekevu.

Hivyo ndivyo nitakavyoanza Ijumaa, Mheshimiwa atakapomtangaza mkuu mpya wa ofisi yake ya Etobicoke, huku ughaibuni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Unyenyekevu bado unasumbua.

Kikwazo ni kimoja: Wema. Ameajiriwa juzi tu. Leo Bi Zebunissa, ajuza wa Tanga ambaye Wema alimfuatilia kadi yake ya matibabu, kamletea hotpoti ya vitumbua. Wema akatangaza mbele ya wote, akaiweka mapokezi, kila mtu ale. Sifa zote kwake. Mimi nimemtafsiria ajuza huyo huyo barua mwaka mzima, sijaona hata andazi.

Mtumishi wa mbunge hapokei zawadi kwa kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Kanuni iko wazi. Nilikula vitumbua vitano kwa ajili ya uchunguzi. Hongo kabisa, na iliki ilikuwa ya kutosha.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia Bi Hazel, afisa wa maadili. Akauliza kama zawadi ilitangazwa. Nikajibu kwamba ililiwa. Akasema atakuja Alhamisi kuzungumza na ofisi nzima. Vyema. Aibu ya Wema itapata hadhira.

Sasa nahitaji ushahidi kwamba Wema alividai vile vitumbua. Nimejitolea kurudisha hotpoti. Wema akaniambia, "Asante kaka Ildefonce, ila usimrudishie tupu, mama atanuna." Ananifundisha adabu mimi, niliyelelewa Moshi na shangazi watatu. Bila shaka chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Nimetia humo pakiti ya kahawa kutoka jiko la ofisi. Uchunguzi ni wa ofisi; ofisi iugharimie.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefika kwa Bi Zebunissa. Nikamuuliza, kwa lugha ya kisheria, iwapo Wema alimshinikiza. Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Akasema, "Mwanangu, yule binti hata chai yangu aliikataa. Vile vitumbua nilimwachia mezani nikakimbia." Shahidi dhaifu.

Kisha akaiona kahawa. Kwa kuwa sikuja mikono mitupu, na yeye asingeniacha niondoke mikono mitupu. Akaijaza hotpoti biriani. Nilikataa mara mbili, kama inavyompasa mtu mstaarabu. Mara ya tatu ningemvunjia heshima. Nilikuwa nimeshaanza kuonja aliponieleza kuhusu mpwa wake, Ramzanali, aliye kwenye orodha ya kusubiri nyumba ya wazee ya serikali. Je, ningeweza kulisogeza jina lake mbele kidogo? Mdomo ulikuwa umejaa. Nikaitikia kwa kichwa, kwa maana ya kusifu mapishi.

Biriani nimeimalizia ndani ya gari, kabla sijafika kwangu Brampton, peke yangu, ili nisizue maneno. Wema hajawahi kupikiwa biriani. Nimelifikiria hilo njia nzima, kwa faraja.

Alhamisi, 7 Novemba

Bi Hazel amekuja. Akafafanua kwamba zawadi ndogo ya adabu, ikitangazwa na kugawiwa wote, haina kosa. Kosa ni kupokea kwa siri, na kubwa zaidi ni kupokea na kuahidi upendeleo. Wema akawa anaandika kila neno, kwa ule mwandiko wake mzuri. Sikuvumilia. Nikasimama, nikazungumza kwa ufasaha kuhusu mtumishi asiyenunulika. Mheshimiwa mwenyewe alianza kupiga makofi.

Mlango ukafunguliwa. Bi Zebunissa, sinia la halua mkononi, na mzee mwenye kofia nyuma yake. Akamsalimu kila mtu, kisha akasema, "Namtafuta Bwana Ildefonce. Jana alikula biriani yangu akakubali kumsogeza Ramzanali mbele. Na ile kahawa, mwanangu, tamu sana."

Mzee Cajetan akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana tangu jana tunakunywa maji ya moto."

Bi Hazel akamweleza Ramzanali kwamba zamu yake haiwezi kusogezwa mbele na mtu yeyote. Mzee yule akanitazama kwa masikitiko. Alikuwa ameshafunga masanduku.

Ijumaa, 8 Novemba

Wema ndiye mkuu wa ofisi. Mimi nimepewa onyo kali, na nitahudhuria mafunzo ya maadili hadi Bi Hazel aridhike. Wema amenifuata mezani: "Kaka, yamepita. Jumatatu tunaendelea." Angenitukana ningelala. Wema wake huu ni majivuno ya kiwango cha juu sana.

Jioni akampeleka Ramzanali, kwa gari lake, kujaza maombi upya. Anajionyesha.

Jumapili, 10 Novemba

Leo chama chetu cha Watanzania kinakutana Downsview kuunda kamati ya maadili. Wazee wamempendekeza Wema kuwa mwenyekiti, bila mpinzani. Nitasimama na kusoma haya:

"Ndugu wanachama, kamati hii inahitaji mtu aliyeujua mtego kwa kuuingia. Natangaza rasmi kugombea. Kura ipigwe sasa hivi, kwa kunyoosha mikono, ili nione. Masufuria mawili ya pilau yako jikoni. Nitayafungua matokeo yakishatangazwa, na walioninyooshea watapakuliwa kwanza."