Jinsi Phylis Alivyokata na Kubandika Kule Kitengela

Kitendawili. Nimekata, hakuna damu. Nimebeba, mikono mitupu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Kajiado nimeshapewa mara nyingi, leo nataka Kitengela nzima, na vumbi lake lote. Haya, jibu ni maneno ndani ya kompyuta. Sasa ketini vizuri, enyi wana wa nyanda kavu, niwasimulie vita vya Phylis, mama yake Muthoki, Mshika-Mwiko Asiyerudi Nyuma, siku alipoingia kwa saiba ya Nzuki, duka la kompyuta za kukodi, katika mwaka wa elfu mbili na saba.

Mchana huo wakwe wa Muthoki walikuwa wakija kutoka Bisil, na Phylis ndiye aliyepewa kazi ya kuwakaribisha. Angesimama mbele yao bila hotuba, kipaza sauti kingechukuliwa na wifi yake Mwihaki, ambaye hajawahi kukirudisha kwa hiari tangu kuzaliwa kwake. Kwa hiyo asubuhi yote shujaa wetu aligonga herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama avunjaye jabali, hata hotuba ikasimama ndefu na tamu. Ila, ole, aliiandika chini ya barua ya mteja mwingine.

"Hakuna shida, mama," akasema Nzuki, bwana wa zile mashine, akiwa chini ya meza anafunga waya. "Ichague yote, bonyeza hapo, itakatwa. Halafu bandika."

Phylis akakata. Hotuba ikatoweka mbele ya macho yake, wala hakutetemeka. Akainuka, akakaza leso kiunoni, akapita pazia la nyuma, akawasha stovu, akatia maji na maziwa kwa sufuria, akabandika.

Huku nyuma Nzuki akakalia kiti kile kile kumalizia tangazo la Meitamei, mfugaji aliyengoja mlangoni, naye akakopi namba ya simu, kisha tangazo lote. Ndipo Phylis akarudi.

"Umebandika?"

"Nimebandika."

Nzuki akaifunga ile barua. Akatazama ukurasa mpya aliokuwa amemfungulia Phylis: mweupe kama unga. "Mama, ulibandika wapi?"

Phylis hakusikia, alikuwa akitazama ule weupe. Nzuki akajaribu kubandika mwenyewe, na tazama, yakatokea maneno haya: DUME LINAUZWA BISIL, MENO MAZURI, HALINA HASIRA.

"Nzuki mwana wa Muthama," akanena Phylis, na sauti yake ikawafikia wauza nyanya ng'ambo ya barabara, "mimi nimelima mawe, nimevuka mto ukiwa umefura. Leo niwasomee wakwe dume? Hilo halina hasira, lakini mimi niko nayo."

"Hata mimi nitamuuzia nani sasa, kama watu wanacheka dume yangu," akanung'unika Meitamei.

"Mama, usinilaani," akasema Nzuki. "Hii mashine iko na programu ya kukumbuka. Kila kitu kinakatwa ama kinakopiwa, yenyewe inaweka. Haina picha, haina mausi ya kubofya. Unaiandikia amri tu."

Akafungua dirisha jeusi kama shimo la choo, akaandika neno moja, akagonga Enter. Mateka wote wakajipanga mstari: wa kwanza dume, wa pili namba ya simu ya mtu, na wa tatu, akiwa hai, akianza kwa salamu ya Kimaasai, "Supai, wakwe zetu wapendwa."

"Ni yako, mama. Andika neno hili, halafu tatu. Ikomboe mwenyewe."

Phylis akainua kidole kile kile cha asubuhi, akaandika, akaipiga Enter hata kibodi ikaruka. Nzuki akabonyeza kubandika, na hotuba ikashuka yote, haina jeraha, na koma zake zote mahali pake. Meitamei akapiga makofi. Na ijulikane kuanzia Bisil hadi Matasia kwamba siku hiyo mwanamke wa Kitengela aliyaita maneno yake kutoka kuzimu, nayo yakaitika, na Mwihaki akakosa kipaza sauti.

Karatasi ilipokuwa ikitoka kwa printa, Nzuki akajikuna kichwa. "Lakini hujaniambia, mama. Ile mara ya kwanza, ulibandika wapi?"

"Kwa stovu yako huko nyuma," akasema Phylis. "Si uliniambia nibandike? Saa hii inachemka, lakini sikuona majani ya chai."