Barua Zinazojituma Zenyewe

Jumatatu, 11 Machi

Wiki hii ni yangu. Mkuu wa kitengo chetu cha masoko anastaafu. Ijumaa saa nne asubuhi Mkurugenzi atakaa na wakubwa wenzake kuamua mambo mawili: nani akalie kile kiti, na kama Taratibu aongezewe mkataba. Taratibu ni jirani yangu wa meza. Jina nimempa mimi. Dada huyu hatumi hata salamu kwa wateja bila kuijaribu mara tatu. Jamani, tunauza magodoro, si dawa za moyo!

Nimempelekea Mkurugenzi mpango wangu. Mteja aliyenunua godoro miaka mitano iliyopita aandikiwe barua pepe. Asipojibu, baada ya siku saba apate ya pili. Halafu ya tatu. Zote zijitume zenyewe, mimi nimekaa zangu. Mkurugenzi akasema wazo zuri sana, ila likajaribiwe kwanza kwenye akaunti ya majaribio ya Taratibu.

Taratibu tena! Nimetabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya mkosi. 

Asubuhi Taratibu alinipa nenosiri lake bila kinyongo. Akanieleza kwa kirefu. Akaunti ni ya majaribio, akasema, lakini barua ni barua. Ukiingiza anwani ya mtu wa kweli, itamfikia mtu wa kweli. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, macho yangu yakiwa kwenye karanga alizoweka mezani.

Nikaingia. Lo! Wateja kumi na wawili tu. Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, hadi wa Kumi na Mbili, na anwani zote ni zake yeye mwenyewe. Mpango mkubwa kama wangu uonyeshwe watu hewa? Nikahamishia humo orodha yetu halisi. Watu elfu sita na ushee. Siku saba nikazifanya dakika moja, nani ana muda wa kusubiri. Maneno nikaandika yaliyonijia, maana si ni majaribio? Ya kwanza: Mpendwa mteja, godoro lako limekuchoka. Ya pili: Na sisi pia tumekuchoka. Ya tatu: Mgongo ni wako, shauri yako. Nikabonyeza, nikaenda kula.

Sikuweka mwisho. Baada ya ya tatu, mfumo ulikuwa unarudi ya kwanza.

Saa nane narudi, simu zote zinalia. Mlinzi kaacha geti, anapokea moja. Mlangoni kasimama mwalimu mmoja mstaafu, simu mkononi, shati limechomekwa vizuri. Barua arobaini na moja. Hakugomba, bora angegomba. Aliuliza tu ni nani aliyemchoka. Akasema simu yake siku hizi hailii, kwa hiyo ilipoanza kulia mfululizo alidhani ni wanawe wanamtafuta. Akasema alivaa miwani, akaketi kuzisoma.

Mimi nilikuwa nyuma ya godoro la maonyesho. Taratibu ndiye aliyemletea kiti na maji, akamwomba radhi.

Kisha fundi wa kompyuta akatangaza mbele ya watu kwamba barua zimetoka kwenye akaunti ya Taratibu. Wote wakamtazama Taratibu. Taratibu akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha akarudi kupokea simu. Ee Mungu, mbona hakunitaja?

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga moyo konde, nimekwenda kukiri. Nimebisha hodi, nimeingia, nimefungua kinywa. Mkurugenzi akasema mbona nimepauka hivyo. Nikasema tumbo. Akanipa pole, akasema Taratibu ameuharibu mpango wangu alipoujaribu, akanisifu kwa utulivu wangu wakati wenzangu wanaiaibisha kampuni, akadokeza kwamba kile kiti kinanitazama. Nikashukuru! Nimetoka humo na shukrani mdomoni badala ya ungamo. Domo zege mimi.

Mchana Taratibu kasogeza kiti chake karibu. Kasema hatanisemea. Anataka niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya kikao cha Ijumaa. Kanikumbusha kwamba mdogo wake yuko mwaka wa mwisho chuoni na anamtegemea yeye peke yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jambo dogo hilo. Kanisukumia karanga. Nikazisogeza pembeni.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu nimemweleza yote. Alitegemea nimalizie kwamba nimeshakiri. Nilipofika mwisho na hakuna, akaweka mwiko chini. Kasema ni maneno ya dakika mbili: ni mimi, si yeye. Hata mtoto wa chekechea anayaweza.

Hajui kazi za watu. Jambo zito linaandikwa. Nimeandika barua ya ungamo, aya nne, hakuna nilichoficha. Nimeisoma nikajionea huruma. Lakini sikuituma kienyeji! Mfumo wetu una kipengele kinachochagua chenyewe saa ambayo mpokeaji hufungua barua zake kwa wingi. Nimeuachia mfumo. Mkurugenzi ataipata akiwa ametulia, moyo mweupe. Leo nimepumua.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nne wameingia kikaoni. Nikafungua mfumo nione barua imesomwaje. Haijatoka. Mfumo umechagua saa tisa alasiri.

Saa tisa!

Kutoka mezani kwangu hadi mlango wa kikao ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu kwa macho mara nyingi. Taratibu alikuwa ananiangalia nikizihesabu. Nikajiambia labda kikao kitavuta hadi mchana. Nikajiambia nikinyanyuka sasa, barua ile nzuri yote itakuwa kazi bure. Nilijiambia mengi. Sikunyanyuka.

Saa tano wametoka. Kiti nimepewa mimi. Mkataba wa Taratibu ndio basi. Kakusanya kikombe, ndala na kalenda ndogo. Kaaga kila mtu kwa mkono, hadi mama wa usafi. Aliponifikia kasema siku tatu nzima alikuwa anasikia nikivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na kila mara ilikuwa pumzi tu. Akaenda zake.

Saa tisa kamili barua ikaingia. Saa tisa na dakika nne nikaitwa. Mkurugenzi hakunifokea, alinishangaa. Kiti kimeondoka, na onyo la maandishi nimesaini. Kisha akampigia Taratibu mbele yangu, akamsihi arudi Jumatatu. Taratibu akamshukuru sana, akasema hapana. Kazi atatafuta kwingine. Kukaa tena jirani na mtu yule, hawezi.

Mtu yule! Miaka minne tumekaa meza moja. Nimeumia. Na haki yangu niumie.

Jumapili, 17 Machi

Nyumba kimya. Nimemharibia mtu riziki kwa uoga wangu, na hilo halifutiki. Mke wangu kasema nivae viatu niende kwa Taratibu, si mbali, mitaa miwili tu. Nisibebe kitu. Nibishe hodi, niseme nisamehe, na akinifukuza nifukuzike.

Ni kweli kabisa. Nikavaa viatu.

Nikiwa nafunga kamba nikawaza: je, akiwa hayuko tayari? Nikavua. Nimekaa kwenye kompyuta tangu saa tatu asubuhi na nimemtengenezea kitu cha uhakika. Barua saba za kuomba msamaha. Ya kwanza fupi. Akiifungua asijibu, mfumo unasubiri siku mbili, unamtumia yenye majuto zaidi. Asipofungua kabisa, anarukishwa hadi ya tano, ambayo ni kali. Akijibu amenisamehe, zinasimama zenyewe.

Na safari hii sikukurupuka, ng'o! Nimefungua akaunti yangu ya majaribio, nikaweka anwani moja tu, ya kwangu. Nikabonyeza. Barua ikaingia. Nikaisoma nimesimama, machozi yakanilenga, nikajisamehe papo hapo.

Mfumo unafanya kazi.