Sumaku ya Fundi Twaha

Mtaani Yoba, mjini Gitega, hakuna aliyeyahurumia magari ya watu kama Twaha, fundi wa kupaka rangi. Siku alipoliona gari kuukuu la Peugeot 404 nyuma ya duka la Mama Hurbai, alitokwa na machozi ya kweli. Houssein, tajiri wa kahawa wa Muyinga, alikuwa akitafuta gari la namna hiyohiyo kwa ajili ya arusi ya bintiye. Vita vilikuwa vimeyafanya magari mazuri kuwa adimu. Machozi, namshukuru Mola, hayakuadimika.

Twaha alitoa mfukoni sumaku nyekundu. Ilikuwa sumaku kwa umbo tu. Kwa tabia ilikuwa chuma cha kawaida. Mbele ya majirani waliokusanyika, aliigusisha kwenye mlango wa gari, ikaanguka. Aliigusisha kwenye boneti, ikateleza.

"Umeona, Mama?" alisema kwa Kiswahili laini alichokulia Kigoma. "Haishiki! Hili si bati, ni mastiki tupu, ule udongo wa kuzibia matundu. Nikilikwangua rangi, utabaki na vumbi."

"Mais we fundi, unasema kweli?"

"Majirani hawa ni mashahidi wangu: mastiki tupu!"

Mama Hurbai alishusha pumzi. "Bon. Sasa nani atachukua kitu kama hii?"

"Mimi, kwa huruma. Badala yake chukua kompresa yangu ya kupulizia rangi, mwanao Kamran ajifunze kazi."

Kompresa hiyo ndiyo iliyomlisha Twaha. Lakini kwa malipo ya Houssein angenunua mbili, na huruma ni lazima igharimu kidogo ili ipendeze.

Akalisukuma gari hadi kwake, na wiki iliyofuata akaanza kukwangua. Chini ya rangi nyeupe palikuwa na rangi ya kijani. Chini ya kijani palikuwa na mastiki. Na chini ya mastiki hiyo, mastiki nyingine, iliyoizidi ya kwanza kwa umri na kwa heshima. Kisha kidole chake kikatokea upande wa pili. Risasi za vita, kwenye njia ya Muyinga, zilikuwa zimeutoboa mlango kama chujio, na fundi fulani alikuwa ameuziba kwa vipande vya gunia.

Twaha alirudi dukani mbio.

"Mama, umeniuzia mastiki!"

"Kwani si we mwenyewe ulisema? Yoba yote ilisikia."

"Lakini mimi nilikuwa..." Sentensi ile haikuwa na mwisho wenye staha.

"Mafundi wengine walikuja na sumaku zao, zikakataa kushika, wakaondoka," alisema Mama Hurbai kwa upole. "We peke yako ulijua iko mastiki, na bado ukaipenda. Mi nikasema, alors, huyu ana roho nzuri."

Uani kompresa ilinguruma. Kamran akachungulia, uso umejaa rangi ya buluu.

"Papa Twaha, wateja ni wengi. Tunatafuta mtu wa kukwangua. Uko na kazi?"