Ahsanteni kwa Kunipindua

Jumatatu, 13 Oktoba

Darasa la jioni, maktaba ya mji wetu, Sieradz. Mwalimu wetu, Bi Bogumiła, ametuletea maneno ya Kiingereza ya madaraka: kutwaa, kushika, kung'ang'ania, kupindua, kung'atuka. Maneno matamu! Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa lifti, kazi kuwapandisha wengine. Sasa ni zamu yangu mimi, Gracjan. Kumbe Waingereza huushika utawala kwa kitenzi kile kile wanachoshikia upanga! Nimekiandika kiganjani.

Ili tuyazoee maneno hayo, Jumatano tutachagua kiongozi wa darasa. Kura za kweli. Kikwazo ni mpinzani wangu, Bi Jadwiga, mfamasia mstaafu, matamshi ya redio, kidevu juu. Kaniuliza mbele ya watu kama kweli nagombea au nimekosea mlango. Wakacheka. Nami nikacheka, roho inaniuma.

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa! Nimetazama kalenda ya jikoni: kesho ni siku ya jina la Jadwiga, na kwetu kila jina lina siku yake kwenye kalenda, husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Ataleta keki, atapewa maua, ataimbiwa aishi miaka mia. Nani atamnyima kura mtu siku ya jina lake? Hata mimi ningempa.

Wazo. Kila siku ina majina chungu nzima. Nani anajua siku ya Gracjan? Sijakutana na Gracjan mwingine mji huu. Nimemwomba mke wangu, Wiesława, keki ya jibini ya darasa zima. Akauliza kulikoni. Nikamwambia ukarimu tu. Akanitazama kama anayetazama samaki aliyeshushwa bei.

Jumatano, 15 Oktoba

Ushindi! Nimetangaza kwa haya za kujitia kwamba leo ni siku ya jina langu pia. Keki ya tufaha ya Jadwiga ilikuwa kavu. Yangu ililiwa hadi makombo. Bwana Wit, dereva wa lori, akaona aibu sina maua, akagawa shada la Jadwiga. Nikapata manne, na kwetu maua ya hesabu shufwa ni ya msibani. Nikajifanya sioni. Kura zikaifuata keki.

Ndipo Bi Bogumiła akatoa habari aliyoiweka kama zawadi: kiongozi atahutubia Jumamosi, kwa Kiingereza, mbele ya meya na wageni kutoka mji rafiki wa Uingereza.

Mama yangu! Sijui hata kuuliza habari za safari. Najua kupindua na kutwaa tu. Nitawaambia nini wageni wa watu, kwamba nawatwaa? Mji mzima utanicheka mpaka kaburini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimejaribu kung'atuka. Bi Bogumiła kasema unyenyekevu wangu unamliza.

Basi nikaamua kuwa dikteta, wanipindue. Kwenye mazoezi ya Jumamosi nimepiga marufuku chai. Nimewaamuru wasimame nikiingia. Jadwiga nimemhamishia mlangoni, penye upepo. Wamenung'unika kwenye korido, kisha wakatii! Bwana Wit kasema hiyo ndiyo serikali, tangu lini ikampa mtu chai. Jadwiga akasimama kama wengine, akaninong'oneza, "Tusimamishe tu, bwana mkubwa. Jumamosi utasimama wewe."

Supu imenishinda. Naogopa, naogopa kweli.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wiesława kaja darasani kuchukua bati lake la keki. Jadwiga akamsifu, akasema keki ile ilifaa kabisa siku ya jina la mume.

"Siku ya jina ya nani? Ya huyu?" mke wangu akashangaa. "Ya huyu ni Desemba, Krismasi inabisha hodi! Kila mwaka ananiokesha keki na samaki wa sikukuu bado yumo kwenye beseni la kuogea, hai!"

Bwana Wit akadai maua yake. Akakumbushwa yalikuwa ya Jadwiga. Akasema vyovyote vile, huyu mzee atoke. Bi Bogumiła, macho yakimng'aa, akaandika ubaoni kitenzi cha kupindua na kuuliza nani anaunga mkono. Mikono yote juu. Mimi nilinyoosha miwili.

Loo, nafuu! Jadwiga kashika kiti, na hotuba yake. Wiesława kanisema njia nzima, tapeli, mzee hovyo, na mimi naitikia tu ndiyo mke wangu, miguu myepesi kama niliyetua gunia la viazi. Nimekula sahani mbili za kabichi na soseji. Nikaomba ya tatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jadwiga kahutubia. Mwanzoni alikwama kwenye salamu, nikamwonea huruma, nikapiga makofi kabla ya wakati ili apumue. Akamaliza vizuri. Meya akambusu mkono. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nakula mkate na samaki wa siki, hakuna anayenijua. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Madaraka ni mzigo, wabebe wenye mabega.

Jumapili, 19 Oktoba

Mkutano wa wenye bustani za mboga. Mwenyekiti wetu katangaza anang'atuka, uso unameremeta kama bwana harusi. Kauliza nani atapenda kiti. Wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Waoga! Wiesława akanikamata mkono wa kulia. Nikanyoosha wa kushoto.

Mzee kanitupia funguo, kanibusu mashavu yote mawili, akaondoka mbio, koti kaliacha. Mwenyekiti Gracjan! Kesho nitauliza kazi yenyewe ni ipi.